Doria, kikao au kufyeka kiwanja? Njia za mtaa kukabili kero, zikipimwa bega kwa bega

Kila kikao cha wakazi kinachoitishwa kwa sababu ya kero huwa na mtu anayesimama mapema na kusema, "Tuanzishe doria." Anapigiwa makofi. Karatasi ya majina inazungushwa, watu kumi na wanne wanajiandikisha, na ikifika wiki ya tatu wanaotokea ni wawili, mmoja wao akiwa ni yule yule aliyetoa hoja. Jina langu limewahi kuwa kwenye karatasi ya namna hiyo, na nakiri kwamba usiku wa wiki ya tatu nilikuwa miongoni mwa wale kumi na wawili waliobaki kitandani.

Sisemi doria haifai. Ila mara nyingi huchaguliwa kwa kuwa ndiyo inayokuja kichwani kwanza, kama mtu anayemeza dawa ile ile kwa kila homa. Zipo njia nyingine ambazo mtaa unaweza kuzitumia wenyewe, na kila moja ina kero inayoiweza na kero inayoishinda. Kwangu mimi, swali linalozitenganisha ni moja: anayewaudhi mnamjua kwa jina?

Mkimjua, mna mtu wa kuzungumza naye. Msipomjua lakini mnajua ni kona gani na saa ngapi, basi mnachokijua ni mahali, na mahali pana dawa zake. Ikiwa ni kundi linalobadilika kila wikiendi, mnahitaji watu wa kuwepo pale. Na ikiwa ni watoto wenu wenyewe, wale mnaowajua tangu wakiwa na nepi, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kwanza, kero ni nini hasa?

Sheria ya Uingereza ya 1998 ilieleza tabia za kuudhi jamii kuwa ni zile zinazosababisha, au zinazoelekea kusababisha, bughudha, hofu au dhiki kwa mtu asiyeishi nyumba moja na mtendaji. Tazama jinsi maelezo hayo yanavyomtazama anayeudhika kuliko kitendo chenyewe. Kwa kipimo hicho, watoto wanaopiga mpira ukutani saa kumi jioni wanaweza kuwekwa kapu moja na mtu anayemtishia jirani yake kwa kisu. Mtaa unaoanza kazi bila kutenganisha vitu hivi utaishia kuwaandama watoto wa mpira, kwa sababu ndio rahisi kuwapata.

Kwa hiyo, kabla ya karatasi ya majina, wekeni daftari. Kwa wiki mbili kila anayeudhika aandike nini kimetokea, wapi, saa ngapi, na nani kama anajulikana. Kazi hii inachosha na haina shangwe, lakini mara nyingi "wahuni wanaotusumbua kila usiku" hugeuka kuwa Ijumaa mbili, kona moja na taa moja iliyoungua.

Doria na matembezi ya usiku

Njia hizi mbili huonekana kama pacha, kwa kuwa zote ni watu wazima wanaotembea mtaani usiku. Tofauti iko kwenye lengo. Doria hutoka ili kukamata, au angalau kuzuia. Matembezi hutoka ili kuonekana.

Mfano mzuri wa matembezi ni Natteravnene, yaani kunguru wa usiku, ulioanza Oslo, Norwei, mwaka 1990. Watu wazima wa kujitolea huvaa fulana za manjano na kutembea usiku wa wikiendi pale vijana wanapokusanyika. Wanasalimia, wanapiga soga na kumsaidia aliyepotezana na wenzake. Ugomvi ukizuka hawauingilii, wanapiga simu polisi. Huko London, Street Pastors, yaani wachungaji wa mitaani, walianza Brixton mwaka 2003 kwa mtindo unaokaribiana na huo, na wanajulikana kwa kugawa maji na kandambili kwa wanawake waliovua viatu virefu baada ya usiku mrefu wa dansi. Kandambili! Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikaona mantiki yake: aliyevaa viatu hakatwi na chupa, na mtu aliyehudumiwa ni vigumu kumtukana aliyemhudumia.

Doria nayo ina ushahidi wake. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 na Trevor Bennett, Katy Holloway na David Farrington yalikuta kwamba maeneo yenye mipango ya majirani kulindana yalihusishwa na uhalifu uliopungua kwa kati ya asilimia 16 na 26 ukilinganisha na maeneo mengine. Si haba. Lakini huo ni uhalifu, na wizi wa majumbani ndio uliokuwa shabaha kuu ya mipango hiyo. Mwizi akiona anatazamwa anaahirisha. Mlevi anayeimba saa nane usiku hajali nani anamtazama, pengine ndiyo furaha yake.

Kisha kuna hatari. Februari 2012, mjini Sanford, Florida, mtu aliyekuwa wa ulinzi wa majirani alimpiga risasi na kumuua Trayvon Martin, kijana wa miaka 17 asiye na silaha, aliyekuwa akirudi kutoka dukani. Alikuwa ameshapiga simu polisi, na aliyeipokea alimwambia hakuna haja ya kumfuata kijana yule. Mahakama ilimwachia huru mwaka 2013, na kijana hakurudi. Ninapomsikia mtu akidai doria ibebe marungu, kisa hicho ndicho kinachonijia. Mwenye rungu hulitafutia kazi.

Kuna tofauti nyingine isiyosemwa sana, nayo ni ya nani anajitokeza. Doria huvuta wanaume wenye nguvu na hasira. Matembezi huvuta akina mama, wastaafu, na wazazi wa vijana hao hao. Kijana anayevimba mbele ya mwanamume wa rika la kaka yake hunywea mbele ya mama wa rafiki yake, tena akiitwa kwa jina.

Kwa hiyo, kama daftari linaonyesha wizi, vioo vya magari kuvunjwa na milango kujaribiwa, doria ina maana, ikiwa haina silaha na ina namba ya simu ya kituo cha polisi. Kama linaonyesha makundi, makelele na ulevi wa wikiendi, chagueni matembezi.

Kikao na amri

Hapa ndipo pa yule anayejulikana kwa jina: jirani wa muziki mnene, kijana aliyechora ukuta, familia inayotupa taka kwenye mfereji.

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Elmira, Ontario, Kanada, vijana wawili waliokuwa wamelewa walizunguka usiku mmoja wakiharibu mali za watu 22. Walipasua matairi, wakavunja vioo, wakaharibu bustani. Afisa wa uangalizi wa wahalifu, Mark Yantzi, alipendekeza kwa hakimu jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote cha kazi yake: vijana waende wenyewe, mlango kwa mlango, wakutane na waliowaharibia. Hakimu akakubali. Wakaenda, wakabisha hodi, wakasikiliza, na katika miezi iliyofuata wakalipa hasara. Kutokana na kisa hicho mpango wa kuwakutanisha mkosaji na mkosewa ukaenea Amerika ya Kaskazini. Nyuzilandi iliingiza mikutano ya familia kwenye sheria yake ya watoto na vijana ya mwaka 1989, na Norwei ikapitisha sheria ya mabaraza ya usuluhishi mwaka 1991, ambayo wasuluhishi wake ni raia wa kawaida, si mahakimu.

Kinachonivutia kwenye kisa cha Elmira ni ile kubisha hodi. Kulipa faini ni kumlipa karani. Kubisha hodi ni kumtazama machoni bibi ambaye bustani yake uliing'oa.

Sasa linganisha na amri. Sheria ile ya Uingereza ya 1998 ilileta amri ya mahakama dhidi ya tabia za kuudhi, maarufu kwa kifupi chake, ASBO. Mtu alipigwa marufuku kufanya jambo fulani au kufika mahali fulani, na akikiuka angeweza kufungwa hadi miaka mitano, hata kama kosa la mwanzo lisingemfikisha jela. Zaidi ya nusu ya amri zilizotolewa England na Wales zilikiukwa angalau mara moja. Ikasemwa pia kwamba kwa baadhi ya vijana amri hiyo iligeuka nishani ya kutamba nayo. Sheria ya 2014 iliifuta na kuleta amri mpya, ambazo tofauti yake kubwa ni kwamba zinaweza pia kumwagiza mtu afanye kitu, kwa mfano kuhudhuria matibabu ya ulevi, badala ya kumkataza tu.

Usisome hapo kwamba amri haina kazi. Kikao kinashindwa vibaya pale ambapo mmoja anamwogopa mwenzake. Mwanamke anayepigwa nyumbani hawekwi kwenye mkeka kusuluhishwa na anayempiga. Jirani aliyetishiwa kuchomewa nyumba haombwi aeleze hisia zake mbele ya aliyemtishia. Hizo ni kazi za polisi na mahakama, na mtaa unaozichukua unamweka mtu kwenye hatari huku ukijisifu kwa hekima.

Kwa kero nyingine za watu wanaojuana, kikao hushinda amri kwa kasi na kwa gharama, ila kina ufundi wake. Msuluhishi huwatembelea wote wawili kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha, na hapo ndipo kazi kubwa inapofanyika. Aliyekosewa anaweza kukataa kukutana na asilaumiwe. Makubaliano yataje vitendo na tarehe: spika itolewe dirishani, sauti ishushwe saa nne usiku, watazamane tena baada ya wiki tatu. "Tuheshimiane" si makubaliano.

Na msichanganye kikao cha usuluhishi na mkutano wa hadhara. Familia ikisemwa kwa jina mbele ya watu mia, hata kama kila kilichosemwa ni kweli, imeanikwa. Aliyeanikwa hana cha kupoteza tena, na kero ya muziki inaweza kugeuka uhasama wa miaka.

Kubadili mahali

Kama ningelazimishwa kuchagua njia moja tu kwa mtaa nisioujua, ningechagua hii, kwa sababu ikishindwa mnabaki angalau na kiwanja safi.

Ushahidi wake pia ni wa nguvu isiyo ya kawaida katika mambo haya. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja vitupu 541 vilivyotelekezwa na kuvigawa kwa bahati nasibu, kama dawa zinavyojaribiwa. Vingine vilizolewa taka, vikapandwa nyasi na miti michache na kuzungushiwa uzio mfupi wa mbao wenye nafasi za kupita. Vingine vilifyekwa na kuzolewa taka tu. Vilivyobaki viliachwa vilivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika maeneo maskini zaidi, matukio ya bunduki karibu na viwanja vilivyorekebishwa yalipungua kwa asilimia 29. Wakazi wa karibu waliripoti uharibifu mdogo zaidi, na matumizi ya maeneo ya nje kwa kupumzika na kuzungumza yaliongezeka kwa takribani asilimia 76.

Uzio ule mfupi ni wa kuzingatia. Haumzuii mtu yeyote, hata mbuzi anauruka. Kazi yake ni kusema kwamba mahali pana mwenyewe. Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji, aliandika mwaka 1961 kwamba usalama wa mtaa hutunzwa na macho ya watu wa kawaida walio na sababu ya kuwa pale: muuza duka, anayesubiri basi, mzee aliyekaa barazani. Kiwanja kilichofyekwa huwarudisha watu hao.

Njia hii ina upotoshaji wake. Mwaka 1982 wasomi wa Marekani James Q. Wilson na George Kelling walitumia mfano wa dirisha lililovunjika: likiachwa bila kutengenezwa, mengine yatavunjwa. Miji mingi ikausoma mfano huo kama ruhusa ya kukamata watu kwa makosa madogo madogo. Sijawahi kuelewa vipi. Dirisha lililovunjika linahitaji fundi.

Upotoshaji wa pili ni kugeuza mahali pafukuze watu wote. Benchi linang'olewa ili vijana wasikae, na bibi aliyekuwa akipumzika hapo akitoka sokoni anakosa pa kukaa. Kifaa kiitwacho Mosquito, kilichobuniwa huko Wales mwaka 2005, hutoa mlio mwembamba ambao vijana huusikia na watu wazima wengi hawausikii, ili vijana waondoke. Mwaka 2010 Bunge la Baraza la Ulaya lilipendekeza kipigwe marufuku. Mlio huo haujui kumtenga mhuni na mtoto mchanga aliye mgongoni mwa mama yake. Vijana wenyewe huhamia kona ya pili, na kero imebadilisha anwani.

Kwa hiyo, kama daftari linarudia mahali pale pale kwa watendaji tofauti, msipoteze muda kutafuta majina. Taa, kufyeka, pipa la taka linalomwagwa kweli, na sababu ya watu wema kukaa hapo.

Kuwapa vijana shughuli

Hakuna pendekezo linalopendwa kama hili, na hakuna linalotekelezwa kizembe kama hili. "Vijana hawana cha kufanya, tuwafungulie kituo." Basi kinafunguliwa chumba, meza ya mchezo, runinga na mlinzi anayesinzia.

Joseph Mahoney na Håkan Stattin walichunguza vijana wa miaka 14 nchini Uswidi na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Waliokuwa kwenye shughuli zenye mpangilio, zenye ratiba, ujuzi wa kujifunza na mtu mzima anayeongoza, walikuwa na tabia za kuudhi chache. Waliokuwa wakienda vituo vya vijana visivyo na mpangilio walikuwa nazo zaidi. Inawezekana sehemu ya sababu ni kwamba wenye matatizo ndio wanaovutwa na vituo hivyo. Hata hivyo, onyo linabaki: ukiwakusanya vijana wagomvi chumba kimoja bila mwongozo, umewatafutia kijiwe chenye paa.

Mbaya kuliko hiyo ni safari za kuwatisha, yaani kuwapeleka vijana gerezani wakaonyeshwe wafungwa ili waogope. Mpango huo ulivuma Marekani miaka ya 1970, na majaribio ya kisayansi yaliyofuata yalionyesha kwamba waliopelekwa walifanya makosa zaidi ya wenzao ambao hawakupelekwa. Bado kila mwaka kuna mtu mwema anayeuleta kama wazo jipya.

Kilichofanikiwa kwa upana ni Aislandi. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa katika mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Halikufanywa jambo moja. Waliuliza vijana maswali mara kwa mara na kuurudisha mrejesho kwa kila shule, wakachangia gharama za michezo, muziki na sanaa, wazazi wakakubaliana kwa pamoja saa za watoto kurudi nyumbani, na wazazi hao wakatembea mitaani jioni. Tazama, matembezi ya usiku yamerudi. Na ilichukua karibu miaka ishirini.

Hapo ndipo udhaifu wa njia hii ulipo. Haiwezi kuwapa usingizi wiki hii. Ukiichagua, chagua na nyingine ya kushikilia hapo katikati, na kabla ya kununua mpira mtafute kocha. Mpira bila kocha ni kero nyingine ya saa kumi jioni.

Ikiwa kuna visu au bunduki

Hapa sitakaa sana, kwa sababu hii si kazi ya kamati ya mtaa. Mpango ulioanzishwa Chicago mwaka 2000 na Gary Slutkin, daktari wa magonjwa ya kuambukiza, huajiri watu wenye historia ya mitaani na wanaoheshimika huko ili wazime visasi kabla havijalipuka. Umesambaa miji mingi, na tathmini zake zimetoa majibu tofauti tofauti: penye wafanyakazi sahihi unasaidia, penye wasio sahihi hausaidii. Wanahitaji mshahara, mafunzo na ulinzi. Mtu wa kujitolea baada ya kazi hapaswi kuombwa afanye hivyo.

Mtaa wenyewe una nguvu kiasi gani?

Njia yoyote mtakayopenda itapimwa na jambo moja ambalo haliandikwi kwenye daftari. Robert Sampson, Stephen Raudenbush na Felton Earls waliwahoji wakazi 8,782 katika maeneo 343 ya Chicago na kuchapisha matokeo mwaka 1997. Waliuliza, pamoja na mengine, kama majirani wangechukua hatua iwapo watoto wangekuwa wanatoroka shule na kuzurura, au wanachora ukuta, au wanamkosea adabu mtu mzima, au ugomvi ukizuka mbele ya nyumba. Maeneo ambako watu waliaminiana na kutarajiana kuingilia yalikuwa na vurugu kidogo, hata baada ya kuzingatia umaskini na mambo mengine.

Waulizeni watu kumi wa mtaa wenu maswali hayo. Wengi wakijibu ndiyo, kikao na matembezi vitasimama. Wengi wakijibu "mimi sijiingizi", doria haitafika wiki ya nne, na mkutano wa usuluhishi utakosa msuluhishi anayeaminiwa na pande zote. Hapo anzeni na kiwanja. Kufyeka hakuhitaji kuaminiana, kunahitaji panga na Jumamosi asubuhi, na wanaofyeka pamoja hujuana majina.

Chochote mtakachochagua, kipeni tarehe ya kufa. Doria ya miezi mitatu, kisha daftari lifunguliwe tena na kulinganishwa na lile la mwanzo, kona kwa kona na saa kwa saa. Likionyesha kero ilikwisha mwezi wa pili, rudisheni tochi na mkalale.